Usichague nota za bendi kwa kusikiliza YouTube, yalinikuta Tabora

Juzi kijana mmoja wa Ujiji kanitumia meseji, shikamoo mwalimu, tumepata vyombo vya muziki kumi na nane vya msaada, tunataka onyesho Desemba, naomba unitumie nyimbo nzuri za bendi nikaprinti. Nimeisoma mara tatu. Sikumjibu siku ile maana ilinirudisha mbali, na najua wengi mnaosoma hapa mna ndoto hiyo hiyo, bendi kamili, watu wamekaa kwenye viti wanasikiliza, sio tarumbeta za kusindikiza maharusi juu ya kirikuu tu.

Mimi nimekulia Moravian hapa Tabora, tarumbeta nimezisikia kabla sijajua kusoma, ile alfajiri ya Pasaka makaburini giza bado halijaisha, tromboni zinaanza taratibu na mwili mzima unasisimka. Kwa hiyo nilipokabidhiwa bendi ya vijana nilikuwa na kiu kubwa sana, nilitaka tupige muziki mkubwa. Nikaingia IMSLP usiku, ile tovuti ya nota za bure, nikakuta Suti ya Kwanza (vipande kadhaa vinavyofuatana) ya mtunzi Gustav Holst katika E flati, ya mwaka 1909, imeandikwa kwa bendi ya kijeshi, na Holst mwenyewe alifariki 1934, hakimiliki imeisha, kwa hiyo nota zake unazipakua bure. Nikaisikiliza YouTube kwa earphone mpaka machozi yakanitoka. Kesho yake asubuhi niko stationery naprinti kwa hela yangu ya mfukoni.

Sasa ule muziki unaanza chini kabisa, tyuba na yufoniamu, zile tarumbeta kubwa za sauti nzito, peke yao, melodi ya vipimo nane, wengine wote kimya. Kijana wangu wa tyuba alikuwa na miezi saba tu kwenye chombo lakini zile nane alizishika vizuri, mpaka akina mama wanaouza maembe nje ya ukumbi waligeuka kuangalia. Hapo ndipo nilipodanganyika. Nikajua tumeuweza. Kumbe huko mbele klarineti zinatakiwa zikimbie, na mimi nilikuwa na klarineti mbili, mabinti wawili ambao walikuwa bado hawajaweza kuvuka, ile sehemu unatoka kwenye noti ya kidole kimoja halafu inayofuata unatakiwa uzibe matundu yote kwa mpigo. Obo, kile chombo cha kupuliza cha mbao chenye sauti nyembamba, hatuna. Honi hatuna. Mahali nota zinasema obo aimbe, kwetu palikuwa kimya, nikawa namuimbia mwenyewe kwa mdomo mazoezini na kujipa moyo kwamba siku yenyewe Mungu atasaidia.

Miezi minne hivyo. Siku ya onyesho, mbele ya wageni, dakika ya pili tu tarumbeta wakapotea, mmoja akashusha chombo, wa pili akashusha, nikabaki napunga mkono na tyuba inapiga peke yake, yule kijana hakuacha, ananiangalia tu na macho mekundu. Mzee mmoja wa kamati akachukua maiki akasema tuwapigie makofi wamejitahidi, na DJ akaweka muziki. Baadaye yule mzee akaniambia pale pale mbele ya watoto, mwalimu, bora tungekodi spika. Nimeshamsamehe. Lakini neno lile mpaka leo nikilikumbuka linauma, na vijana watano hawakurudi tena mazoezini, akiwemo binti mmoja wa klarineti ambaye alikuwa na sikio zuri kuliko mimi.

Kosa lilikuwa langu. Nilichagua nota kwa ajili ya masikio yangu, sikuchagua kwa ajili ya watu waliokaa mbele yangu.

Kwa hiyo mdogo wangu wa Ujiji, kabla ya kuuliza wimbo gani, kaa na kila mpigaji, umsikilize yule wa mwisho kwenye mstari, tarumbeta ya tatu, klarineti ya pili, maana bendi inavunjikia hapo. Nota nyingi za kununua zimepewa gredi za ugumu, kuanzia 1 iliyo rahisi mpaka 5 au 6, na ukiwa na watu wa mwaka mmoja usione aibu kuchukua 1. Zipo pia zilizoandikwa kwa sehemu nne au tano tu, kila sehemu inapigwa na chombo chochote kinachofaa, hizo ndizo zitakuokoa kama huna honi wala obo kama mimi. Angalia uliyenaye, narudia, angalia uliyenaye.

Halafu hili la ufunguo, walimu wa kwaya mnisikilize. Mnaleta nyimbo zenu za do re mi zimeandikwa do ni D, kwenye kinanda haina shida kabisa. Ukimpa tarumbeta, ambaye nota zake huandikwa toni moja juu ya kinanda, anajikuta kwenye E yenye shapu nne, na saksafoni alto yuko kwenye B yenye shapu tano, mtoto wa watu anatokwa jasho bure. Pandisha nusu toni tu, do iwe E flati, tarumbeta anapiga F yenye flati moja, alto anapiga C haina kitu. Wimbo ni ule ule, kwaya haitagundua, lakini bendi inapumua. Mimi hiyo nimeigundua baada ya kuumia, wewe unapewa bure.

Na midomo inachoka jamani. Usipange machi tatu mfululizo halafu ndio ulete wimbo wa tarumbeta kwenda juu. Hesabu pumziko zao kwenye nota kabla hujahesabu uzuri wa wimbo.

Mwezi uliopita tumepiga tena, dakika thelathini na tano, nyimbo sita, chini ya miembe, joto la Tabora mnalijua, vyombo vinapanda sauti, ilibidi tutyuni upya katikati. Hakuna hata mmoja uliozidi gredi 2, na wa mwisho ulikuwa melodi ya Kinyamwezi ambayo niliipanga mwenyewe kwenye MuseScore, programu ya kuandika nota, klarineti hazivuki, tyuba ndio inaanza peke yake, vipimo nane. Nilimwandikia yule kijana kwa makusudi. Bibi mmoja alisimama akaanza kuitikia, wakafuata wengine, na safari hii hakuna aliyeshika maiki.

Jamani tuache kutumia watoto kutimiza kiu zetu. Suti ya Holst ninayo bado kwenye faili, siku wakifika nitaitoa, nami nitafurahi sana, ila watafika kwa miguu yao.

Basi Ujiji, nitumie kwanza vyombo vyako kumi na nane ni vipi, nani anapiga nini, na ameanza lini. Nyimbo tutaongea baadaye. Na nunua vibanio vya nguo dazeni mbili vya kubania karatasi, hapo ziwani kuna upepo.