Siku moja Bologna: shuka, usipitilize

Dada, umeuliza kama siku moja Bologna, kule Italia, inatosha au upitilize tu mpaka mji wa Florence. Shuka bwana, tena vaa raba. Mji wenyewe unatembea kivulini, mabaraza yenye matao kila mtaa, UNESCO waliyaweka kwenye orodha yao 2021, hata mvua ikinyesha huloi sana.

Anzia Piazza Maggiore, uwanja mkuu wa mji. Kanisa la San Petronio walianza kulijenga 1390 na uso wake hawajaumaliza mpaka leo, chini marumaru juu tofali tupu, mi napenda hivyo hivyo. Ingia ndani ucheki ule mstari wa kupimia jua wa mwanaastronomia Cassini wa 1655, una urefu wa kama mita 67 sakafuni, jua linapenya kwenye katundu kadogo juu halafu duara la mwanga linakatiza mstari adhuhuri. Kwa majira ya joto fika kabla ya saa saba na robo mchana, maana likishapita ndo basi.

Ile minara miwili ya zamani ya mji piga picha ukiwa chini, mmoja wao, Garisenda, umeinama ile mbaya. Miguu ikiwa bado inadai, panda kanisa la San Luca kule kilimani, njia yake ina matao 666, karibu kilomita 4. Beba maji.