Mtihani wa leseni ya uuguzi: nilifeli wa kwanza, nikafaulu wa pili. Soma hapa mdogo wangu

Mdogo wangu, pole sana. Umeandika kwamba zimebaki wiki tatu uingie kwenye mtihani wa leseni, usingizi umekukimbia, ukifungua daftari mikono inatetemeka, na nyumbani wameshaanza kukuita "nesi wetu" wakati wewe mwenyewe huna uhakika hata na hesabu ya matone ya dripu. Unauliza sisi tuliopita tulifanyaje. Nimeusoma ujumbe wako nikiwa natoka zamu ya usiku, nikaona siwezi kulala kabla sijakujibu, maana hesabu hiyo hiyo ya dripu ndiyo iliyonimaliza mimi.

Niko wodi ya wazazi hapa Dodoma, mwaka wa saba sasa. Nilisoma diploma. Mtihani wa Baraza, yaani Baraza la Uuguzi na Ukunga, nimeufanya mara mbili, na habari ya ule wa kwanza wanaijua watu wachache sana kazini kwetu. Leo naisema kwa ajili yako.

Mara ya kwanza tulikuwa wasichana wanne tumepanga chumba kimoja Chang'ombe. Tulikuwa na madesa ya kila aina, ya chuo chetu na ya vyuo vya watu, mengine yamefotolewa hadi maandishi hayasomeki. Tulikesha. Kahawa saa mbili usiku, kahawa tena saa sita. Nilijua kabisa, kwa sababu nimefundishwa, kwamba kafeini hukaa mwilini na baada ya saa tano hivi karibu nusu yake bado ipo. Lakini nilijiambia kulala ni uzembe. Kuna mwalimu wetu alishatuambia darasani kwamba anayefeli mtihani wa Baraza hakustahili kuvaa sare tangu mwanzo. Neno hilo nililibeba kama jiwe.

Siku yenyewe ilikuwa Julai, ule upepo wetu wa Dodoma unaopiga asubuhi na vumbi na baridi pamoja. Nilishuka kwenye bodaboda vidole vimekufa ganzi. Pale nje watu walikuwa wanaulizana maswali, mmoja anasema ameambiwa safari hii magonjwa ya akili ndiyo yamejaa, mwingine anasema hapana, ni watoto. Nikaanza kufungua daftari nikiwa nimesimama. Hapo ndipo moyo ulipoanza kwenda mbio.

Swali lilikuwa rahisi. Lita moja ya maji ya dripu iingie kwa saa nane, seti, yaani mrija wa dripu, inatoa matone 20 kwa mililita moja, ni matone mangapi kwa dakika? Hesabu hiyo nilishaifanya wodini nimesimama, huku nashika mkono wa mgonjwa. Nikagawanya 1000 kwa 8, nikapata 125. Halafu nikaisahau. Ndiyo, niliitazama ile 125 nikashindwa kujua ni nini, ni mililita au ni matone. Nikafuta. Nikaanza upya, nikafika tena kwenye 125, nikafuta. Nilipokuja kutazama saa, dakika ishirini zilikuwa zimeshapita kwenye swali moja. Yaliyobaki niliyakimbiza tu, mengine sikuyasoma hadi mwisho.

Nikafeli.

Mdogo wangu, kufeli kulikuwa kubaya, lakini mwezi uliofuata ulikuwa mbaya zaidi, kwa sababu sikumwambia mama. Mama yangu analima zabibu Hombolo. Ada yangu yote ilitoka kwenye ile mizabibu, mavuno mawili kwa mwaka, na mwaka ambao bei ilianguka aliuza mbuzi. Kila akipiga simu nilimwambia matokeo hayajatoka. Nikikata simu natapika. Nilikonda hadi mwenye nyumba akaniuliza kama naumwa.

Siku nilipoamua kwenda, nilimkuta shambani anapogoa. Nikamwambia nikiwa nimesimama, hata begi sijalitua. Hakusema kitu. Aliendelea na ule mstari hadi mwisho, mkasi unalia ka, ka, ka, mimi nangoja. Akarudi, akaniangalia, akaniuliza, "Umekula?" Tukaenda kula ugali wa uwele na mlenda. Usiku, taa ikiwa imeshazimwa, akauliza tena jambo moja tu: "Wanarudia lini?" Nikamtajia. Akasema haya, lala.

Mwezi mzima nilikuwa namwogopa mama niliyemtunga mwenyewe kichwani, mama mkali anayehesabu mbuzi zake. Yule wa kweli alitaka kujua kama nimekula. Sisemi kila nyumba iko hivyo. Mwenzetu mmoja tuliyepanga naye, baba yake mdogo alimsimanga mbele ya wageni, na maumivu yale anayo hadi leo. Kwa hiyo chagua mtu. Si lazima iwe ukoo mzima. Mtafute mmoja nyumbani, umwambie kabla ya mtihani, kwa maneno yako: naogopa, na naweza nisifaulu mara ya kwanza. Mzigo ukishikwa na wawili unapungua, na hao wanaokuita "nesi wetu" waache waite, hawana nia mbaya.

Sasa nikupe kilichonivusha.

Niliporudi mjini nilihamia Chadulu, na jirani yangu alikuwa mama mmoja mkunga mstaafu. Jioni hukaa nje kwenye mkeka anabangua karanga. Nikamwomba anisikilize ninavyojibu. Siku ya kwanza aliniambia, "Mama ana mimba ya wiki 36. Kichwa kinamuuma, macho yanaona ukungu, presha ni 170 kwa 110. Umefika. Unafanya nini?"

Nikaanza: "Kifafa cha mimba ni hali ambayo..."

Akanikatiza. "Sijakuuliza kinaitwaje. Mama yuko mbele yako, anakutazama."

Nikakwama. Miaka mitatu nimesoma, sijui niuweke wapi mkono wangu wa kwanza. Akaacha karanga, akalaza kanga yake juu ya mkeka, akasema huyu hapa. Mwite mwenzako akusaidie, usimwache mgonjwa peke yake. Sasa ameanza degedege, unamlaza vipi? Ubavu. Kwa nini? Asipaliwe. Njia ya hewa, kisha oksijeni. Magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege, gramu 4 kwenye mshipa taratibu, na gramu 10 kwenye misuli, 5 kila tako. Kabla hujarudia dozi unatazama nini? Goti lake likigongwa linaruka? Anapumua mara 16 au zaidi kwa dakika? Mkojo unatoka angalau mililita 30 kwa saa? Kama sivyo, unasimama, na kalsiamu glukoneti, dawa ya kuzima sumu ya magnesiamu, iwe karibu yako tangu mwanzo, si uanze kuitafuta kabatini.

Mdogo wangu, mambo hayo yote yalikuwemo kwenye madesa yangu. Nilikuwa nimeyakariri moja moja, yamelala kama nguo zilizotupwa chumbani. Pale kwenye kanga yule mama aliyavalisha mwili. Tangu siku ile sijawahi kusahau kwamba kalsiamu inakaa karibu, kwa sababu naiona mahali ilipokaa. Nikaacha kusoma mada, nikaanza kusoma wagonjwa. Kila jioni wagonjwa watano, sita: mtoto anayeharisha, mzee mwenye kisukari aliyepoteza fahamu, kijana wa bodaboda aliyeumia kichwa. Kila mmoja nauliza, nini kitamuua kwanza? Nianze na nini? Na hofu ikaanza kupungua bila mimi kupambana nayo, kwa kuwa mawazo yangu yalikuwa kwa mgonjwa. Zamani yalikuwa kwangu mimi na aibu yangu.

Jambo la pili aliliona yeye. Siku moja katikati ya swali akaniuliza, "Mbona hupumui?" Kweli, kila nilipoulizwa nilikuwa nabana pumzi. Akasema, "Leba huwa unawaambia nini kinamama?" Tunawaambia vuta kwa pua, toa taratibu kwa mdomo, usibane. Nimewaambia wanawake wangapi maneno hayo saa tisa usiku, nimewashika mkono, nimepumua nao, na mimi mwenyewe sijawahi kuyafanya hata siku moja.

Si uganga huo. Ukiogopa, mwili unamwaga adrenalini: moyo unakimbia, mikono inakuwa ya baridi, tumbo linavuruga, na kichwa kinatafuta hatari badala ya jibu. Pumzi ya kutoa ikiwa ndefu kuliko ya kuvuta, moyo unapunguza mwendo. Mimi nilihesabu nne kuvuta, sita kutoa, dakika tano kila asubuhi na kila usiku. Usingoje siku ya mtihani ndipo ujaribu, kama vile usivyongoja njia ya mama ifunguke sentimita kumi, mtoto anatoka, ndipo umfundishe.

Usingizi. Hapa nitakuwa mkali kidogo kama dada yako. Unachosoma mchana kinajikita kwenye ubongo ukiwa umelala. Ukikesha unamwaga maji kwenye ndoo iliyotoboka. Mara ya pili nilifunga daftari saa tatu na nusu, kahawa mwisho saa nane mchana, simu naiacha chumba cha jirani. Siku tatu za mwanzo niligeukageuka tu kitandani. Siku ya nne nililala.

Magrupu ya WhatsApp yanayotangaza pepa limevuja, toka. Ni wezi wa hela na wezi wa utulivu, na ukikamatwa unapoteza jina lako kabla hujalipata. Kama wenzako wa diskasheni wanakuacha umechoka na umejawa hofu kuliko ulivyoingia, baki na mmoja mnayeelewana. Maelekezo ya mtihani yachukue Baraza lenyewe, usiyapokee kwa mtu aliyesikia kwa mtu. Na kama unatoka Kondoa, Mpwapwa au Manyoni, lala mjini siku iliyotangulia. Usiupe moyo wako kazi ya kungojea basi asubuhi ile.

Kuna jambo nataka niliseme taratibu. Ukiona hayo unayoyaeleza yanazidi, huli kabisa, unalia kila siku, au umeanza kuwaza kwamba afadhali usingekuwepo, hilo si la kusubiri mtihani upite. Nenda hospitali leo, omba kuonana na watu wa afya ya akili. Sisi wa Dodoma tuna tabia mbaya, jina la Mirembe, hospitali yetu ya magonjwa ya akili, tumeligeuza tusi, mtu akikasirika anakwambia "utapelekwa Mirembe". Hospitali ile inatibu watu tangu 1927. Nilifanya mazoezi pale, na kilichoniuma ni wagonjwa walioletwa wamechelewa kwa sababu ndugu waliona haya. Sisi wauguzi tukiona haya pia, nani atabaki?

Mtihani wa pili. Asubuhi nilikunywa uji, nikafika mapema, nikakaa mbali na wale wa kuulizana. Karatasi ilipokuja nilifanya kwanza yale ninayoyajua, yaliyonisumbua nikayawekea alama na kuyapita. Katikati hivi, kwenye swali la dozi ya mtoto, moyo ukaanza tena, ule ule. Nikaweka kalamu chini. Nikabana kifundo cha mkono wangu wa kushoto kwa vidole vitatu, nikahesabu mapigo kwa sekunde 15. Ishirini na saba. Mara nne, 108. Nikajiambia huyu ni mtu mwenye mapigo 108, amekaa, anaongea, hajapoteza fahamu, si mgonjwa wa dharura. Nikatoa pumzi ndefu mara tatu, nikashika kalamu. Lile swali nililirudia mwishoni likatoka.

Na ile ya dripu, ili nisikuache nayo: 1000 gawanya kwa 8 ni mililita 125 kwa saa. Zidisha kwa matone 20, ni 2500 kwa saa. Gawanya kwa dakika 60, unapata 41.7, unaweka matone 42. Kila hatua iandikie kipimo chake pembeni, mililita au matone. Mimi sikuandika, ndiyo maana 125 ilinipotea.

Leo usiku lala saa nne. Kesho nijibu hapa hapa, nami nikitoka zamu saa mbili asubuhi nitakusoma: mtoto ana kilo 12, ameharisha siku mbili, hana damu kwenye choo, macho yameingia ndani, analialia, ukimpa maji anayanywa kwa pupa. Mama yake amembeba, anakutazama. Umefika. Unafanya nini?