Re: Bunduki ya shabaha ya mtumba, nianze na nini?

Mkuu, umeuliza kama uichukue hiyo bunduki ya risasi ndogo za .22, ya boliti (komeo la kuvuta kwa mkono), ya mzee wa Masasi na ubadilishe nini kwanza. Kabla hujatoa hata shilingi, nendeni wote wawili polisi. Kwa sheria ya silaha ya 2015, bila kibali umenunua kesi.

Halafu hakikisha haina risasi, chomoa boliti, mulika mtutu kwa nyuma. Chumvi ya pwani yetu hapa Mtwara haina huruma. Ukiona vishimo vya kutu, achana nayo. Kagua na mdomo wa mtutu, wengi huukwaruza kwa fimbo ya kusafishia.

Mtutu ukiwa mzima, usikimbilie darubini mpya. Kaza skrubu za kitako kwanza. Yangu ilitawanya risasi miezi miwili nikilaumu mtutu, kumbe skrubu ya mbele imelegea! Triga mwachie fundi.