Wadogo zangu mnaoanza kupima wageni, rula ni ya uvimbe

Juzi nimemkuta mmoja wenu kainamia mkono wa mgeni aliyefika nchini wiki iliyopita, rula mkononi, anapima wekundu wa kipimo cha ngozi cha TB. Kaandika milimita 22, kwa mwandiko mzuri kabisa. Nikamwambia apapase kwa kidole: uvimbe wenyewe haukufika milimita 4. Nilitaka kufoka, nikakumbuka nami niliwahi kuandika vilevile. Basi niyaseme leo, nisiyarudie kila Jumatatu.

1. Kipimo cha ngozi husomwa baada ya saa 48 hadi 72, na kinachopimwa ni uvimbe mgumu. BCG, chanjo ya TB, inaweza kukidanganya, kwa hiyo kipimo cha damu kikiwepo, kitumieni.

2. Homa ya ini B: ombeni HBsAg (kirusi kipo), anti-HBs (ana kinga) na anti-HBc (amewahi kuambukizwa) kwa mpigo. Huyu mtu ametobolewa vya kutosha njiani.

3. Strongiloidesi, mnyoo wa utumbo, hukaa mwilini miaka na miaka kwa sababu hujizalisha humohumo. Mfikirieni kabla ya kumwanzishia mtu prednisoloni, dawa inayoshusha kinga. Na kabla ya ivermektini, dawa ya mnyoo huyo, ulizeni kama ameishi kwenye misitu ya Afrika ya Kati yenye Loa loa, mnyoo mwingine. Vijiminyoo vyake vikiwa vingi kwenye damu, dawa hiyo inaweza kumdhuru ubongo.

4. Hapa nina deni. Mwaka wangu wa kwanza alikuja baba mmoja: hakohoi, picha ya kifua safi, kipimo cha damu chanya. Maambukizi fiche ya TB, basi. Foleni ilikuwa imefika mlangoni, nikaona mkalimani wa simu atanichelewesha. Nikamwita kijana kutoka kwenye benchi aliyekuwa akiijua lugha yake kidogo. “Mwambie ana TB imelala, atameza dawa.” Baba akaitikia kwa kichwa. Nikatia tiki.

Mwezi uliofuata alirudi. Nesi akampa maji, naye akatoa kikombe chake kwenye mfuko. Safari hii nikapiga simu kwa mkalimani. Kumbe mwezi mzima alikuwa akila peke yake na kulala sakafuni jikoni. Mkewe alikuwa amejifungua, na mtoto alikuwa akionyeshwa kutoka mlangoni. Neno “imelala” alilielewa kwamba inaweza kuamka usiku wowote ikawamaliza wote. Vidonge alikuwa amemeza vyote, hakuruka hata siku moja.

Nikamweleza niliyopaswa kumweleza mwanzo: hamwambukizi mtu, na kati ya watu 100 wenye hali yake ni 5 hadi 10 tu ambao huja kuugua, na dawa inapunguza hata hao. Maelezo yote hayakuzidi dakika nne. Akaniuliza kama anaweza kumbeba mtoto. Nikasema ndiyo. Akauliza tena, “Leo?”

Hakunilaumu. Angenilaumu ningepata nafuu.

5. Mkalimani awe wa kazi hiyo, si mtoto wa mgonjwa wala jirani yake, hasa mkifika kwenye VVU. Mgonjwa akisema “nimeelewa” hajasema kitu; mwambie akueleze wewe kwa maneno yake.

6. Rula mrudishe kwenye droo ya juu. Hii ni ya tatu.