Mleta mada, usitume hiyo pesa ya Granada kabla hujasoma hapa

Umesema amana ya euro 100 ya ziara yenu ya Granada, Hispania, unaituma kwa muuzaji kesho asubuhi. Usiitume. Soma kwanza, halafu unitukane ukiona nimekupotezea muda.

Mada yako nimeisoma mara mbili, maana mara ya kwanza nilidhani ni mimi mwenyewe niliyeiandika mwaka jana nikasahau. Granada, mwezi wa nne, siku mbili, mke na mzee mmoja kwenye msafara (wewe baba yako, mimi nilikuwa na mama mkwe), "ziara binafsi ya kutembea kwa miguu, masaa matatu, Alhambra na Albaicín, mwongozaji wenu peke yenu" (Albaicín ni mtaa wa kale wa mji huo), na muuzaji mwenye maneno laini WhatsApp anayekwambia habari za tiketi umwachie yeye. Nilipofika kwenye "umwachie yeye" nikaweka kikombe cha chai chini.

Wadau waliotangulia wamekujibu vizuri habari za viatu na hali ya hewa. Sawa. Viatu utanunua hata Kariakoo. Hili ninalokwambia halinunuliki ukishafika kule.

Iko hivi. Alhambra siyo jengo moja. Ni eneo zima la kilimani, na humo kuna mambo manne makubwa: ngome ya kijeshi, inaitwa Alcazaba, bustani na kasri la mapumziko, Generalife, kasri la mfalme Carlos V, ambalo kuingia uani kwake hulipi kitu, halafu makasri ya masultani wa ukoo wa Nasr, yaani Palacios Nazaríes. Hayo ya mwisho ndiyo yapo kwenye kila picha uliyowahi kuiona: uwanja wenye simba 12 wa mawe wamebeba beseni la maji, bwawa refu linaloakisi mnara, dari zilizochongwa mpaka shingo inakuuma. Kuingia hayo unapewa saa yako kwenye tiketi, una nusu saa tu ya kupita mlangoni, ikikupita imekupita. Watu wanaoruhusiwa wamehesabiwa, na mwezi wa nne nafasi zinaisha wiki kadhaa kabla.

Sasa sikia mtego. Kuna tiketi nyingine, halali kabisa, inaitwa Jardines, Generalife y Alcazaba (jardines ni bustani). Bei yake karibu nusu ya ile kamili. Ina jina la Alhambra juu, ina alama zote, getini unapita kifua mbele. Inakuingiza kila mahali isipokuwa kule ulikokwenda kuona.

Hiyo ndiyo niliyouziwa, kwa bei iliyozidi hata ya ile kamili.

Aliyeniuzia ni Mswahili mwenzetu anayeishi huko huko Ulaya. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, ningeibiwa na asiyejua hata "habari za asubuhi" ningesamehe. Huyu alianza na "shikamoo mama" kwa mama mkwe kwenye simu! Shemeji yangu anayeishi Málaga ndiye aliyenipa namba, akasema "huyu jamaa ni mtu wa watu". Kweli, ni mtu wa watu, na hela za watu pia. Nikalipa euro 240 za mwongozaji, na euro 45 kila mmoja wetu "za tiketi pamoja na usumbufu". Watatu sisi. Piga hesabu, ni zaidi ya milioni moja ya madafu. Tiketi kamili wakati ule ilikuwa inacheza kwenye euro 20 tu kwenye tovuti ya wenyewe.

Siku mbili kabla akanitumia tiketi kwenye simu. Majina yetu yameandikwa sawasawa, namba za pasipoti sawasawa. Nikazirusha kwenye grupu la familia, mama mkwe akajibu kwa ujumbe wa sauti, dua ya dakika nne. Neno Jardines niliona. Nikadhani ni jina la geti. Nacheka sasa, siku ile sikucheka.

Mwongozaji tulikutana naye Plaza Nueva, mama wa makamo, ana beji ya serikali shingoni, na yeye hana kosa hata chembe, nataka lieleweke hilo. (Arusha mtu wa kazi hii wengi humwita gaidi, kwa kukata "tua gaidi". Gaidi wangu wa kweli alikuwa kwenye simu.) Alikodiwa masaa matatu atuongoze, akaambiwa tiketi tunazo. Tukapanda Cuesta de Gomérez polepole kwa sababu ya magoti ya mama mkwe, miti imefunika njia, maji yanatiririka pembeni, anasimulia vizuri. Tukafika Lango la Haki, Puerta de la Justicia, alilojenga Sultani Yusuf wa Kwanza mwaka 1348. Juu ya tao la nje kuna mkono umechongwa, juu ya lile la ndani kuna ufunguo.

Na juu ya ufunguo kuna maandishi ya Kiarabu. Mama mkwe wangu amefundisha madrasa Pangani miaka thelathini. Akarudisha mtandio nyuma kidogo, akainua kidevu, akaanza kuyasoma kwa sauti, pale pale, watalii wanapita. Yule mwongozaji akanyamaza. Akamwomba arudie. Mama akarudia, akafafanua, mke wangu anatafsiri kwa Kiingereza chake cha benki. Nikajiona mkwe bora kuliko wote Pwani nzima.

Mama akasema, "Haya, kama mlangoni tu pameandikwa hivi, ndani kukoje?"

Hapo ndipo mwongozaji akaomba kuona tiketi, apange saa ya makasri. Akatazama simu yangu. Akateremsha kwa kidole, akapandisha, akateremsha tena. Halafu akaniuliza saa yetu iko wapi. Nikamwambia saa ya nini. Akaniangalia kama daktari anavyomwangalia ndugu wa mgonjwa.

"Palacios Nazaríes, no."

Nilibisha, ndugu yangu. Nilibisha na mtu asiye na kosa, mbele ya mama mkwe. Nikamwambia wewe si una beji, waambie hapo mlangoni ni mzee, ametoka mbali. Akanieleza kwa upole kwamba beji inamruhusu kuongoza watu wenye tiketi, haimpi tiketi. Pale mlango wa makasri wanaikagua na mashine na pasipoti yako mkononi, na mashine haina mama mkwe. Akapiga simu mbili tatu kutusaidia. Siku hiyo imejaa, kesho yake imejaa, keshokutwa sisi tuko kwenye ndege.

Nikampigia muuzaji. Unajua alinijibu nini? "Kaka, Alhambra umeingia au hujaingia?"

Mpaka leo sina jibu la swali hilo.

Basi tukaingia tulikoruhusiwa. Sitasema ni kubaya, ni kuzuri mno. Generalife maji yanakuja kwa mfereji wa kale unaoteka mto Darro juu huko, yanaruka pande mbili za uwanja mrefu. Mnara wa Torre de la Vela ndani ya Alcazaba unakuonesha mji wote, na milima ya Sierra Nevada ilikuwa na theluji bado. Mama na mwongozaji wakaanza mchezo wa maneno, maana Kihispania nacho kimekopa Kiarabu kama sisi: aceituna ni zeituni, azúcar ni sukari, alcázar ni kasri, na alcalde, meya wao, ametoka kwa kadhi. Walicheka hao. Mimi nilikuwa nyuma yao natembea kama mtu anayesindikiza jeneza.

Halafu mama akapita duka la vitabu. Akanunua kitabu kikubwa cha picha za makasri, kwa pesa yake, akakataa nisilipe. Akakaa kwenye benchi la jiwe nje ya kasri la Carlos V, akakifungua mapajani, akaanza kusoma kuta. Wa la ghaliba illa Allah, hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu, imerudiwa kwenye kuta zile mpaka huwezi kuhesabu. Akafika kwenye beti za mshairi Ibn Zamrak zilizozunguka beseni la simba, akazisoma taratibu, kidole juu ya picha. Kuta zenyewe ziko hapo hapo, hata dakika mbili kwa miguu hazifiki. Watu wanapanga foleni kuingia na kofia za jua, wengine wanatafuna tu.

Mwongozaji alikuwa ametusimulia jinsi sultani wa mwisho, Boabdil, alivyokabidhi mji tarehe 2 Januari 1492 akaondoka. Mama akafunga kitabu, akaniambia, "Mwanangu, yule alau alitolewa. Sisi hata kuingia hatukuingia."

Kwa hiyo mleta mada, unauliza euro 210 ya masaa matatu ni ghali au siyo ghali. Kwa mwongozaji binafsi mwenye leseni siyo bei ya kulalamikia. Mimi sigombani na bei. Nagombana na mpangilio: TIKETI KWANZA, MWONGOZAJI BAADAYE. Usimlipe mtu yeyote hata senti ya kutembea Alhambra kabla hujashika tiketi yenye maneno Palacios Nazaríes na saa yako pembeni yake. Maneno hayo mawili yaandike kwenye karatasi ubandike kwenye jokofu. Wapo mawakala waaminifu wanaouza ziara pamoja na tiketi, sikatai, lakini mwaminifu ukimuuliza "saa yetu ya Nazaríes ni ngapi?" anakutajia hapo hapo. Wako umeandika kwamba alikujibu "usijali". Jali!

Ingia mwenyewe tovuti rasmi ya Patronato de la Alhambra y Generalife, ndio wanaoisimamia. Chagua tiketi ya Alhambra General. Andika majina kama yalivyo kwenye pasipoti, na umesema ya mzee iko mbioni kubadilishwa, basi subiri mpya itoke ndipo ununue, kwa sababu wataikagua na kopi ya ile ya zamani haitakuokoa. Ukiona 10:30 kumbuka ni saa nne na nusu ya asubuhi ya kwetu, mwambie mzee kwa Kiswahili mapema asije akajiandalia saa kumi na nusu jioni. Tiketi ikishakuwa kwenye simu, ingilieni Lango la Haki, msizunguke geti kuu la juu karibu na Generalife, kutoka kule mpaka makasri ni mwendo, na mzee atafika pumzi imekwisha na nusu saa yenu imekwisha. Au pandeni kibasi chekundu, C30, kutoka katikati ya mji.

Ukikuta tarehe zako zimejaa, tazama tiketi za usiku za makasri, zipo na ni za pekee yake. Usiku nako hakuna? Sogeza safari. Ndiyo, sogeza hoteli, sogeza kila kitu, hoteli Granada ziko tele ila simba ni wale wale 12.

Mwongozaji sasa mtafute baada ya hapo, umpe saa yako ndiye apange safari kuizunguka, na muulize namba ya leseni yake ya Andalucía. Mwenye nayo hakasiriki ukimuuliza. Albaicín muweke baada ya Alhambra, na mwambie mna mzee: vichochoro vile vimetandikwa kokoto za mviringo na vinapanda kama ngazi. Mtamaliza uwanja wa San Nicolás mnaitazama Alhambra ng'ambo ya bonde, na pembeni yake kuna msikiti mkubwa uliofunguliwa 2003, una bustani nzuri. Mama mkwe aliswali alasiri hapo, na kwa kweli ndipo aliponisamehe nusu.

Chakula: ukiagiza kinywaji watakuletea kitu cha kutafuna bure, ndio desturi ya Granada, na mara nyingi kitu chenyewe ni nguruwe, kwa hiyo sema mapema au nenda vichochoro vya Calderería kwa Wamoroko. Na karibu na kanisa kuu wapo akina mama watakaokupa kijitawi cha rozimeri "bure". Mikono mfukoni.

Kuna mengine uliuliza, nimeona, nitarudi nikitulia.

Muuzaji wako huyo, kama ni yule aliyeanza na shikamoo kwa mzee wako, njoo PM unitajie herufi ya kwanza tu ya jina lake. Mimi siku hizi ukweni wananiita Bwana Bustani. Kwenye harusi ya mwezi uliopita MC alinitambulisha kwa jina hilo, na mama mkwe ndiye aliyepiga vigelegele vya kwanza.