Siku ya jangwa, siku ya mji: wiki yetu ya wastaafu wawili huko Arizona

Kabla magoti hayajatukatalia kabisa, mimi na mke wangu tulikubaliana kwenda kutembea kwa miguu katika jangwa la Sonora, kusini mwa jimbo la Arizona nchini Marekani, na Februari iliyopita tulipata wiki nzima ya kufanya hivyo tukiwa tumefikia Tucson. Ratiba ya kwanza niliiandika mimi, ikiwa na matembezi sita ndani ya siku saba. Mke wangu aliisoma, akaikunja, akasema, "Mzee wangu, hii ni ratiba ya kijana ambaye hakuja nasi," kisha akachukua kalamu akaanza kufuta. Tulibakiwa na siku tatu za jangwani, na kila siku ya jangwani ikafuatwa na siku ya kuzuru mji mdogo. Ushauri wangu kwa mstaafu mwenzangu ni huo, kwa sababu maumivu ya misuli huwa hayajafika kileleni jioni ya matembezi yenyewe. Huzidi kesho yake, na wakati mwingine keshokutwa.

Tulianzia Hifadhi ya Taifa ya Saguaro, ambayo ina sehemu mbili, moja mashariki na nyingine magharibi, mji wa Tucson ukiwa katikati. Upande wa magharibi tulichagua njia ya Valley View, ambayo kwenda na kurudi haifiki kilomita moja na nusu, halafu kilima cha Signal Hill chenye michoro iliyochongwa mwambani na watu wa kale wa Hohokam. Njia fupi kama hizo zinampa mtu nafasi ya kutazama. Kaktasi ya saguaro, mmea mrefu wa miiba wa jangwani, kwa kawaida hufikisha miaka 50 hadi 75 kabla ya kutoa tawi la kwanza, na tuliposimama mbele ya moja iliyonipita urefu bila kuwa na tawi lolote, mke wangu aliigusa kwa macho tu akasema kuwa huyo bila shaka ni wa rika letu.

Jambo ambalo ningependa msomaji alisome mara mbili ni la maji. Siku ile ya kwanza nilibeba lita tatu nikarudi na mbili, nikijisifu kwamba sikuona kiu wala sikutoka jasho. Jasho lilitoka, ila hewa ya jangwani ni kavu kiasi kwamba hulikausha kabla halijalowesha shati, na hisia ya kiu nayo hupungua kadiri umri unavyosonga. Isitoshe, mimi humeza kidonge cha presha kinachoongeza mkojo, na sikuwa nimemuuliza daktari lolote kabla ya safari. Jioni kichwa kiliniuma kana kwamba kinapasuliwa, na mkojo ulikuwa na rangi ya chai ya rangi. Tangu hapo tulikunywa kwa saa badala ya kusubiri kiu, mafunda kadhaa kila baada ya dakika 15, tukila na kitu chenye chumvi kidogo, kwa kuwa maji matupu mengi mno nayo yana madhara yake.

Mfukoni weka chanuo. Kuna kaktasi iitwayo cholla, ambayo Wamarekani husema eti huruka. Hairuki, bali vipande vyake hukatika kwa kuguswa kidogo, na miiba yake ina vishikizo vidogo vinavyoing'ang'ania ngozi. Kimoja kilimnasa mke wangu kwenye muundi, nami nikanyoosha mkono kukivuta, kosa ambalo lingetupa wagonjwa wawili. Mpita njia alituzuia, akapitisha meno ya chanuo kati ya kipande na ngozi, akakirusha mbali kwa mkupuo mmoja. Miiba iliyosalia tuliitoa kwa kibano.

Makorongo makavu yanavutia kwa kivuli, lakini mvua ikinyesha milimani, hata mbali usikoona wingu, usikae humo, kwa kuwa maji huweza kushuka ghafla.

Kuhusu miji, niliteleza mara moja. Nilidhani Bisbee, mji wa zamani wa mgodi wa shaba karibu na mpaka wa Meksiko, ungekuwa siku ya kupumzisha miguu. Bisbee umejengwa kwenye mabonde membamba, mita zaidi ya 1,600 juu ya usawa wa bahari, na nyumba zake nyingi hufikiwa kwa ngazi za zege zisizokwisha. Mgodi wa Queen, uliofungwa mwaka 1975 na kuanza kupokea wageni mwaka uliofuata, huingiwa kwa treni ndogo ambayo abiria huikalia kama mtu aliyepanda punda. Ndani kuna baridi ya nyuzi 8 hivi mwaka mzima, na sisi tulikuwa tumeacha makoti garini. Tombstone, palipotokea yale mapigano mashuhuri ya bastola ya mwaka 1881, yaliyodumu takriban nusu dakika, panatosha nusu siku. Mimi hata hiyo niliiona ndefu. Mahali nitakaporudi ni kanisa la San Xavier del Bac, lililokamilika mwaka 1797, ambalo kuta zake nene hutunza ubaridi, nawe unaweza kukaa kwenye benchi saa nzima bila kuulizwa unangoja nini.

Siku ya mwisho ya jangwani tulipanda vilima vya upande wa mashariki. Tuliondoka saa moja asubuhi, baada ya kukubaliana tukiwa bado kitandani kwamba itakapotimu saa nne tungegeuka, popote tutakapokuwa. Saa nne ilitukuta tukiona kilele mbele yetu, labda mita 300 hivi. Nilimtazama mke wangu, naye akatazama saa yake, akanipa chupa ya maji, akageuka.