Kuhusu Loggins na Messina

Mkuu, umeuliza kama Loggins na Messina, wanamuziki wawili wa roki wa Marekani, walikuwa kundi tangu mwanzo, na kama jukwaani walikuwa wazuri kweli. Hawakupanga kuwa kundi. Jim Messina, aliyetokea bendi za Buffalo Springfield na Poco, aliletwa kumtayarishia Kenny Loggins albamu yake ya kwanza, akajikuta naye anaimba na kupiga gitaa humo. Wakaachana 1976, wakarudi na ziara 2005.

Jukwaani ndipo penyewe! Tafuta On Stage, albamu yao ya 1974 iliyorekodiwa mbele ya hadhira. Wimbo wa Vahevala peke yake unakula upande mzima wa santuri, zaidi ya dakika 20. Al Garth, mpigaji wa bendi yao, anashika fidla, anashika saksafoni, na huchoki. Mimi huisikiliza usiku, taa zikiwa zimezimwa, sauti juu.